Fundi Anayeifuata Mvua

Mvua ikianza hapa sokoni Keumbu, watu hukimbilia varanda za maduka. Fundi wa kuchovya vyuma hutoka nje. Viganja vyake vilivyobabuka kwa asidi hubeba bolti alizozivika utando wa zinki na nikeli wa kuzuia kutu, naye huzigeuzageuza kama mahindi ya kuchoma, akicheka peke yake. Jana Zilpa, mfugaji wa Nyacheki, alikuja kuchukua gia mpya ya mashine yake ya kukatia nyasi. Ile ya zamani ililiwa na kutu, ng'ombe wakalala njaa. Manyunyu yalipoanza, Zilpa akaifunga ile mpya upesi ndani ya leso. Fundi akaifungua taratibu, akatoka nayo.

"Mama, iache inyeshewe. Ndiyo maana nimeivika koti."

Zilpa akaikodolea macho ikimeta mvuani, kisha akashuka kutoka varandani, akamfuata.

"Lete niishike mwenyewe."