Ritani Yangu, Laini ya Marehemu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimekaa kwenye benchi la steshenari pale Mwanjelwa, nimeshika simu kwa mikono miwili, nasubiri ujumbe usiokuja. Sikuwa kijana wa umri, ukweli usemwe. Nilishaanza kuitwa shangazi. Ila kwa mambo ya mtandao nilikuwa mtoto wa jana, na aliyenikanya alinikanya kama mtoto.

Nilikuwa nauza mchele wa Usangu, biashara yangu mwenyewe, kwa jina langu. Shule moja ya bweni Iringa ilitaka niwapelekee mchele mwaka mzima, mradi niwaonyeshe cheti kwamba mambo yangu ya kodi yako sawa. Na cheti hakitoki bila ritani, ile taarifa ya mapato ya mwaka, ambayo siku hizi huipeleki ofisini kwa makaratasi, unaijaza mtandaoni. Nikajiambia, hilo nalo jambo? Nikaenda kwa dada wa steshenari.

Dada akafungua kompyuta, akaandika namba yangu ya mlipakodi, akaniuliza neno la siri. Sikulijua. Aliyenisajili alikuwa marehemu mume wangu. Akasema haidhuru, tutaomba jipya, mtandao utatuma namba ya uthibitisho kwenye simu. Tukangoja. Simu yangu kimya. Akatazama tena, akaniuliza kwa upole, "Shangazi, hii namba inayoishia tano tano ni ya nani?"

Uso ukaniwaka moto. Ilikuwa namba ya mume wangu. Nyumba nyingi pale mtaani kwetu Soweto ndivyo tulivyokuwa: biashara ya mama, simu ya baba. Mke akiulizwa namba popote anataja ya mume, na anaona hiyo ndiyo heshima. Sasa mume wangu alipofariki, baada ya arobaini ndugu waligawana vitu vyake kama ilivyo desturi. Simu, na laini ndani yake, ikachukuliwa na mdogo wake, shemeji yangu Hamisi, anayechimba dhahabu Chunya. Niliumia sana. Nilitaka ibaki kwangu, lakini sikusema, nikanuna. Tangu hapo sikumpigia Hamisi, naye hakunipigia.

Nikamwambia dada afunge kompyuta, bora niikose hiyo shule kuliko kumpigia Hamisi. Nikapitia kwa mama mkwe, nikamsimulia nikitegemea huruma. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua hata macho.

"Kwa hiyo Iringa wale mchele wa mwingine kwa sababu wewe umenuna?"

"Mama, alichukua simu bila kuniuliza."

"Na wewe ulimwambia unaitaka?"

Nikachota maharage, nikaanza kuchambua naye.

"Basi unamkasirikia kwa jambo asilolijua. Mpigie hapa hapa, nakusikiliza. Mtu mzima unasubiri kubembelezwa!"

Mwanangu, kuipiga namba ile ya mume wangu kulikuwa kugumu kuliko ritani yenyewe. Sikuwa nimeipiga tangu msiba. Ikaita, nikatamani isipokelewe.

"Shem!" Hamisi akapaza sauti, furaha tupu. "Jamani, shem, nilidhani umenisahau!"

Kesho yake nikarudi steshenari. Hamisi kule Chunya alitoka shimoni akasimama penye mtandao, akanisomea namba ile tarakimu moja moja kabla haijaisha muda. Neno la siri jipya nililiandika mwenyewe, dada akitazama pembeni. Tukaweka namba yangu ya simu, tukajaza ritani, ikapokelewa. Nikampigia Hamisi kumshukuru, nikamuuliza kwa nini ameiacha laini ile hai muda wote huo, na ana ya kwake.

"Nikiacha kuiwekea vocha wataifunga, shem. Bado kuna watu wanampigia kaka, hawajui. Sitaki waambiwe na mashine kwamba hapatikani. Nawaambia mimi."

Nililia pale pale mbele ya wateja wa steshenari, na sikuona haya. Nilikuwa nimemnunia mtu aliyekuwa akipokea msiba wangu kwa simu.

Mchele ulikwenda Iringa. Mpaka leo ritani najaza mwenyewe, mapema, nina chai yangu mezani. Hata mwaka ambao biashara imelala naijaza, maana kutouza si ruhusa ya kukaa kimya.

Basi usikie, mwanangu, uwe wa kike au wa kiume. Jambo lenye jina lako liwe na namba yako, na neno la siri likae kichwani mwako, hata kama unampenda mtu kiasi gani. Usingoje siku ya mwisho, siku ambayo mtandao nao unachoka. Na ukitaka kitu kwa ndugu yako, kitaje kwa mdomo, usimwachie akisome kwenye uso ulionuna. Mungu akupe riziki ambayo huogopi kuitaja kwa mtu yeyote, na siku ukipiga simu kwa aibu, akupe wa kuipokea kwa furaha.