Foklifti Nyepesi Kuliko Zote

Siku niliyoiona foklifti ikipiga magoti, nilikuwa nimeshika kikombe cha chai. Chai yote iliishia kwenye viatu vyangu.

Sitanii, jamani.

Mashine mpya, bado inanukia rangi. Ilinyanyua mzigo wake vizuri tu, ikaupandisha mpaka juu, halafu magurudumu ya nyuma yakaanza kuachana na sakafu. Polepole, bila haraka. Ikainama mbele kama mtu anayetafuta funguo chini ya kitanda, kisha puuu! Mzigo ukamwagika karakana nzima.

Bahati yetu hapakuwa na mtu kwenye kiti. Siku hiyo tulikuwa tunaijaribu kwa waya, mimi nimesimama kule mbali na kidude changu cha kubonyeza.

Bosi akaitazama mashine iliyolala kifudifudi. Akakuna kidevu.

"Uzuri wake," akasema, "haitoi moshi."

Sasa ngoja niwaeleze nilifikaje hapo.

Mimi ni mhandisi. Kiwandani kwetu tunatengeneza vifaa vya ghalani: vitoroli, rafu, na hizo foklifti, mashine zenye meno mawili marefu mbele, za kunyanyulia mizigo. Kwa miaka mingi tulitengeneza, tukauza, tukala, tukalala.

Halafu bosi akaenda kwenye mkutano mmoja wa mazingira. Akarudi ameokoka.

Tai ya kijani. Kiti cha kijani. Chupa ya maji ya kijani ambayo haachani nayo hata akienda msalani. Sisi tukambatiza Bwana Kijani, na yeye akadhani ni sifa.

"Tutaiokoa dunia," alitutangazia. Dunia yenyewe haikuulizwa.

Lakini nisiwe mnafiki, mwanzoni nilikuwa naye bega kwa bega. Tuache dizeli, twende kwenye umeme? Safi. Tuondoe zile betri za zamani za risasi na tindikali, tuweke za kisasa zinazodumu? Safi kabisa. Vifuniko vya plastiki vifinyangwe kutokana na plastiki zilizotupwa? Nikampigia makofi mwenyewe.

Tatizo lilikuja kwenye mkia.

Foklifti ni mizani, ndugu zangu. Mbele kuna mzigo, kwa hiyo nyuma lazima kuwe na uzito wa kuushikilia. Zile betri za zamani zilikuwa nzito balaa, na uzito huo ndio uliokuwa unazuia mashine isipige mwereka. Ukiweka betri nyepesi, lazima uongeze chuma mkiani. Hiyo si siri ya serikali. Ni hesabu ya darasani.

Bwana Kijani akakikataa chuma.

"Unajua tanuru la kuyeyushia chuma linatoa moshi kiasi gani wewe?"

"Bosi, si lazima tuyeyushe. Nyuma ya karakana kuna mlima wa vyuma chakavu, foklifti zilizokufa zimelala pale zinaota majani. Tunakata tu, tunafunga."

"Chakavu? Kwenye mashine yangu mpya?"

Alinitazama utadhani nimemwambia tufunge panya waliokufa.

Isitoshe, bango lilikuwa limeshachapishwa. Kubwa, limening'inia getini: NYEPESI KULIKO ZOTE. Na kwetu pale, bango likishachapishwa, maumbile ndiyo yanatakiwa yajirekebishe.

Kwa hiyo mashine ilipopiga magoti, kikao kikaitishwa. Tukajadili. Tukanywa maji kwenye bilauri za kijani. Uamuzi ukatoka: kosa ni la sakafu.

Wallahi. Mafundi wakaitwa, wakaisawazisha sakafu.

Nikauliza kama tutaijaribu tena kabla ya uzinduzi. Bwana Kijani akasema hakuna haja, sakafu sasa iko sawa.

Uzinduzi wenyewe mgeni wa heshima alikuwa Mama Maghala. Huyo mama ana maghala mpaka anasahau mengine yako wapi. Akinunua kwako, kiwanda kinapumua. Asiponunua, mtaanza kusalimiana kwa majonzi kwenye korido.

"Na siku hiyo," Bwana Kijani akasema, "mzigo upandishwe mpaka juu kabisa. Juu! Nataka aone. Dereva nimeshampata, yule mwenye tabasamu la kwenye kalenda."



Dereva mwenye tabasamu la kwenye kalenda ni mume wangu.

Ndiyo. Baba Pacha, baba wa watoto wangu, dereva wa foklifti kwenye ghala la kampuni hiyohiyo. Kwa hiyo hebu nieleweni: mashine iliyopiga magoti mbele ya macho yangu, safari hii ingekuwa na mume wangu kwenye kiti, na mzigo juu ya kichwa chake.

Jioni ya kuamkia uzinduzi nikamkuta sebuleni anapiga pasi ovaroli. Anaipiga pasi huku anapiga mluzi. Mtu wa miaka yote hiyo hajawahi hata kukunja shuka!

"Mama Pacha, hebu niangalie hapa kwenye kola. Imenyooka?"

"Baba Pacha, kesho usiendeshe."

Mluzi ukakatika.

"Kwa nini?"

"Itapiga mwereka. Nimeiona kwa macho yangu. Nimeipigia hesabu mbele nyuma, jibu ni lilelile."

"Miaka yote naendesha, leo ndiyo umeniona sijui?"

"Sijasema wewe. Nasema mashine."

"Mashine si umeitengeneza mwenyewe?"

Hapo aliniweza.

"Niliyoitengeneza mimi ilikuwa na mkia. Hiyo wameikata mkia. Baba Pacha, ule mzigo ukifika juu, magurudumu ya nyuma yatainuka, na hakuna dereva duniani wa kuyarudisha. Utakufa! Unanielewa? Utaniachia watoto wawili na ovaroli iliyopigwa pasi."

Nililia, sitaficha. Nililia mpaka kamasi.

Akaiweka pasi pembeni. Nikajua sasa ameelewa.

"Umemaliza?" akauliza. Akaigeuza ovaroli upande wa pili. "Basi kalale. Kesho naendesha."

Kumbe nilikuwa nampigia mbuzi gitaa. Wanaume wakisifiwa tabasamu, masikio yanaziba.

Lakini mimi nami si wa kukaa nimekunja mikono. Jioni hiyo, kabla sijatoka kazini, nilikuwa nimeshapanga mifuko ya mchanga kwenye uwazi ulio nyuma ya kiti, nikaifunika na kile kifuniko cha plastiki. Haukuwa uzito wote unaotakiwa, ila ungesaidia. Nikajifariji kwamba hata kichwa chake kikiwa kigumu, mchanga upo.

Asubuhi nikakimbilia karakana kabla ya wageni. Nikafunua kifuniko.

Patupu.

"Mhandisi!" Bwana Kijani huyo, tai inang'aa. "Wewe ndiye uliyeniachia mchanga? Nilikuwa sina mchanga wa kuwekea maua. Umefanya la maana!"

Nikageuka. Jukwaa zima limezungukwa na vyungu vya maua. Maua yamesimama wima, yanapendeza, yamekanyaga uhai wa mume wangu.

"Bosi, nakuomba. Nakuomba kwa heshima zote. Ile mashine itaanguka na mtu ndani. Mtu mwenyewe ni mume wangu."

Akaniwekea mkono begani, kwa upole kabisa.

"Mhandisi, fikra hasi nazo ni uchafuzi wa mazingira."

Halafu akaenda kumpokea Mama Maghala.

Nikamfuata Baba Pacha, ameshakaa kwenye kiti, amependeza kama bwana harusi. "Shuka," nikamwambia kwa meno yaliyobana. "Shuka tukauze mboga."

"Watu wanatuangalia. Rudi ukakae."

Hakunitazama hata usoni.

Sawa. Nikaamua liwalo na liwe, nitachomoa waya wa betri mbele ya wageni wote, wanifukuze wakitaka. Nikaanza kuzunguka nyuma ya jukwaa, napenya katikati ya viti, samahani mama, samahani kaka. Mshereheshaji akashika kipaza sauti. Mashine ikawaka, yaani ikanyamaza vilevile, maana ya umeme haina kelele. Ikasogea hadi kwenye mzigo. Meno yakaingia chini ya paleti, kile kichanja cha mbao kilichobeba mzigo.

Mimi bado niko kwenye viti, nimekwama kwenye mguu wa mzee mmoja aliyesinzia.

Ndipo Baba Pacha akapaza sauti.

"Bosi! Samahani bosi! Mashine yako hii, mtoto wako wa kumzaa, halafu unakaa kule mbali kama mwalikwa? Panda hapa nyuma watu wakuone!"

Watu wakapiga makofi. Vigelegele vikafuata.

Nikasimama pale pale.

Walio ghalani wanalijua hili. Kuna mchezo mmoja wa hatari, umekatazwa kwenye kila ukuta kwa maandishi mekundu, lakini wakubwa wakigeuka unafanyika: mzigo ukizidi, anatafutwa mtu mzito kuliko wote, anapandishwa kwenye mkia wa foklifti. Anakuwa yeye ndiye chuma.

Na bosi wetu, Mungu ampe maisha marefu, ni mtu wa miraba minne. Suti zake nadhani hushonwa na fundi mahema.

Alijidai kusitasita kidogo, kwa adabu tu. Kisha akapanda. Akashika nguzo za paa la mashine kwa mikono miwili, akasimama mkiani kama rais kwenye gwaride.

Mzigo ukaanza kupanda.

Nilikuwa sitazami mzigo, natazama magurudumu ya nyuma. Yametulia. Mzigo ukapita usawa wa kichwa, ukapita paa, ukafika juu kabisa. Yametulia tuli! Watu wakalipuka kwa shangwe. Simu zote hewani. Bwana Kijani anapunga mkono, machozi yanamlengalenga.

Mimi nikaanza kupumua.

Mshereheshaji, mtu ambaye mpaka leo nikimwona nabadilisha njia, akasema, "Sasa tunamwomba mkurugenzi ashuke, aje apeane mkono na mgeni wetu wa heshima!"

Bosi akanyanyua mguu mmoja, akauweka chini.

Gurudumu la nyuma likanyanyuka.

"BOSI USISHUKEEE!"

Ile sauti sijui ilitoka wapi, hata yule mzee aliyesinzia aliruka. Ukumbi ukawa kimya. Na katika kimya hicho wote tukamsikia Baba Pacha, mikono haijatikisika, anaongea taratibu kama anayembembeleza mtoto:

"Bosi, rudisha mguu. Ukishuka, mzigo unaanguka na mimi ndani, na jukwaa ndilo lililo mbele yetu."

Mguu ukarudi. Sijawahi kuona mguu wa tajiri ukitii haraka namna ile. Akaikumbatia nguzo kwa mikono yote, shavu limebandikwa kwenye chuma, na tabasamu bado liko usoni maana kamera zilikuwa zinamwangalia.

Mzigo ukateremshwa. Hizi mashine kuteremsha zinajivuta, na Baba Pacha siku hiyo hakuwa na haraka hata kidogo. Jasho la bosi likawa linadondoka kwenye kifuniko cha plastiki, tone moja moja.

Paleti ilipogusa sakafu, Mama Maghala akasimama. Akarekebisha miwani.

"Samahani, nina swali la mnunuzi. Nikichukua mashine kumi, mnanipa na wakurugenzi kumi?"

Ukumbi uliangua kicheko mpaka maua yakatikisika.

"Nani alisema ikatwe uzito wa nyuma?" akaendelea.

Bwana Kijani, shujaa wa dunia, akanyoosha kidole. Kwangu. "Idara ya ubunifu, mama."

Basi nikasema yote. Nilikuwa sina cha kupoteza, hata sauti nilishapoteza. Mama Maghala akasikiliza, akaomba apelekwe kwenye ule mlima wa vyuma chakavu, akaugonga kwa ncha ya kiatu. "Fungeni hivi," akasema, "halafu mniite tena."

Tukafunga. Akanunua. Leo getini kuna bango jipya: MKIA WA CHUMA KILICHOFUFUKA, UBUNIFU WA MKURUGENZI. Hongera zake.

Nilipofika nyumbani siku ile ya uzinduzi sikumsemesha mtu. Nikaweka sahani mezani kwa kishindo.

"Mama Pacha, umenuna."

"Nimekulilia usiku kucha umekataa kunisikiliza!"

"Nani kakwambia sikukusikiliza?" Akaacha kula. "Ulidhani nilimpandisha bosi kwa mapenzi?"

Nikamgeukia.

"Kama ulinielewa, si ungekataa tu kuendesha?"

"Ningekataa, wangempandisha yule dereva mgeni aliyeanza juzi. Na yeye nyumbani hana mke wa kumpigia hesabu."

Nikakaa chini.

"Na kama bosi angegoma kupanda?"

Baba Pacha akachovya tonge lake.

"Mzigo nisingeupandisha. Wangenifukuza, tungeuza mboga kama ulivyosema. Lakini bosi, Mama Pacha? Agomee makofi?"

Nikacheka huku nalia, nikampiga na kitambaa cha mezani, nikamwongezea mchuzi.

Kwa hiyo nyie mnaoiokoa dunia, endeleeni, na mimi nimo humohumo, kila siku niko karakana. Ila ukishapunguza uzito, ukishachapisha bango, usimtafute mwenye tabasamu. Kaa wewe kwanza kwenye kile kiti, mzigo upandishwe juu ya kichwa chako. Dunia unayoiokoa ina watu ndani yake, na mmoja wao ni mume wangu.