Zima Taa Kubwa

Majira yale ya baridi mama yangu alikuwa mgonjwa Tanga, na mimi nilikuwa Alexandria ya Marekani, ghorofa ya tatu, na mtoto mchanga kifuani. Sukari ilimpanda tangu sijajifungua. Nilichotaka ni kimoja tu, kusikia sauti yake, na kila nikitaka nilipewa jibu lile lile. Mume wangu ananunua kadi ya simu, anapiga, anaongea kidogo na mdogo wangu huku kanipa mgongo, kisha anakata. "Kalala. Dawa zinamlewesha. Anakusalimu."

Mtu aliyelala anasalimu vipi? Sikuuliza. Nilikuwa nimekufa ganzi. Watu wanaona aibu kulisema hilo juu ya mwanamke aliyejifungua, mimi naliandika. Mtoto akilia nilimchukua, nikamnyonyesha, nikamrudisha, na ndani yangu hakuna kitu. Ningeweza kuwa nimebeba mfuko wa unga.

Saa kumi na moja jioni giza limeshaingia. Mume wangu yuko na teksi uwanja wa ndege, mimi na mtoto tuko ndani. Hita inapuliza hewa kavu mpaka midomo inapasuka, na juu kuna taa moja ya dari, nyeupe, inayovuma kama ya chumba cha sindano. Nilikuwa nakaa chini ya taa ile na kutazama ukuta. Ukuta nao unanitazama.

Kabla tumbo halijakua nilikuwa nalea watoto wa mama mmoja wa Kidenishi, upande wa mtoni, kwenye zile nyumba za matofali. Siku moja akaja kumwona mtoto, kabeba blanketi la sufu na boksi la mishumaa. Alisimama katikati ya sebule, akainua macho, akakunja uso.

"Zima taa kubwa," aliniambia kwa Kiingereza chake. "Hiyo ni taa ya polisi."

Akanieleza kwamba kwao, miezi ya giza, jua linachungulia tu na kuondoka, na watu hawarukwi na akili kwa sababu wanajua kukaa ndani. Wana neno lake, hyuga, na alivyolitamka utadhani kaungua ulimi kwa chai. Taa ziwe ndogo, ziwe chini, kwenye pembe. Televisheni ifunikwe. Vitu viwe laini. Mkae chini, mkaribiane. Pawe na harufu nzuri na kitu cha moto cha kunywa. Nilimsikiliza nikisema moyoni, rahisi kwako, una mahali pa kuchomea kuni. Lakini ndiye mtu pekee aliyeniuliza mimi naendeleaje. Wengine wote walikuwa wanamuuliza mtoto.

Jumamosi moja mume wangu alipotoka na teksi, nikaanza kazi. Kochi letu tuliliokota karibu na jalala la majengo jirani, lilikuwa baya mchana na baya zaidi usiku, nikalisukuma mpaka chumbani. Nikavuta godoro nikalilaza sebuleni juu ya mkeka, nikalitandika shuka nyeupe kwa sababu ndiyo iliyokuwa safi. Mishumaa nikaipanga kwenye gilasi, pembe hadi pembe. Televisheni ina kijicho chekundu hata ikizimwa, nikaifunika khanga. Mdenishi alisema mdalasini unanukia vizuri, sikuwa nao, nikachoma ubani. Nikachemsha kahawa chungu ya tangawizi na kuweka vikombe vidogo kwenye sinia, vingi, maana kikombe kimoja peke yake kilitia huruma. Nywele zilikuwa mbichi, nikajitanda khanga nyingine. Nikazima taa ya dari na kukaa chini na mtoto, nimeegemea ukuta.

Ilikuwa nzuri. Sitasema nilifurahi. Lakini nilisikia miguu yangu, kwamba ipo na imepata joto.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani wa ghorofa ya kwanza, mama wa makamo kutoka Mombasa, nilimwita shangazi. Ndiye aliyekuwa ananikanda na kumwogesha mtoto tangu nitoke hospitali, na mdomo wake hauna mlango. Kila siku huingia kwa kelele: "Mzazi! Umekula, ama watazama ukuta tu?" Siku ile alikuja na bakuli la uji na mdomo tayari.

"Ewe mzazi, leo ume..."

Akatazama godoro. Akatazama shuka, televisheni, vikombe. Akavuta pumzi, ubani ukamwingia. Aliweka bakuli chini polepole, akavua viatu, akapandisha mtandio kichwani, akapiga magoti mbele yangu na kuushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun. Pole, mwanangu. Mungu amlaze mamako pema. Afadhali wamekwambia, wallahi. Lilikuwa lanikaba hapa kooni."

"Wameniambia nini?"

Akauachia mkono wangu.

"Si... mbona mwatandika?"

"Hii ni ya Kidenishi, shangazi. Ya baridi."

"Ya nini?"

"Ya baridi! Wazungu wanakaa hivi wapate raha."

"Na huu ubani?"

"Sikuwa na mdalasini."

"Ya Rabbi. Ya Rabbi, mimi na mdomo wangu huu." Akaanza kutafuta kiatu chake. "Sahau, mwanangu. Nilikuwa nakupa pole ya uzazi."

"Umesema mamako."

"Nimesema hivyo mimi?"

"Shangazi, usinichezee. Mama yangu amekufa?"

Alikaa kitako kwenye godoro langu, akaufunika uso kwa mtandio, akalia yeye.

Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa, lakini nitaeleza. Kwetu nyumba ikifiwa, makochi na vitanda hutolewa, watu hukaa chini kwenye mikeka na magodoro, ubani unachomwa, kahawa chungu inapita, hakuna redio wala televisheni. Nilifuata kila neno la Mdenishi na nikafika matangani. Sikuwa nimeona. Yeye alipoingia tu, aliona.

Nilimlazimisha aseme yote. Mama alizikwa kabla mtoto hajatimiza arobaini. Hitima ilisomwa Jumapili moja mji wa jirani, Wheaton, kwa jamaa mmoja wa Tanga, na walijaa mpaka kwenye ngazi. Walijua wote. Alijua mpaka dereva mwenzake mume wangu, Mkongo, ambaye Tanga haijui hata kwenye ramani. Niliikumbuka Jumapili hiyo. Mume wangu aliniambia anakwenda kwenye maulidi, nikampigia pasi kanzu yake nyeupe, nikamkumbusha kofia. Jioni alirudi na pilau kwenye karatasi ya bati. Nilikula pilau ya hitima ya mama yangu, nikasema imezidi chumvi.

Shangazi alimpigia simu mume wangu. Akaja haraka, akafungua mlango na kusimama kizingitini, viatu mkononi, anatazama chumba.

"Nani katandika?"

"Mimi."

"Nani kakwambia?"

"Godoro."

Akamwangalia shangazi. Shangazi akaangalia sinia.

"Ulikuwa mzazi mbichi," mume wangu alisema. "Wakubwa walisema ukipata mshtuko maziwa yatakatika. Halafu ungetaka kusafiri. Ungetoka hapa, ungerudi vipi, na makaratasi yenyewe hayajakamilika? Nilikuwa nakulinda."

"Mimi ng'ombe?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema maziwa. Mmekaa kikao, wanaume na makanzu yenu, mkajadili maziwa yangu."

"Taratibu," shangazi akanong'ona, "mtoto kalala."

"Na wewe shangazi nyamaza. Umenikanda mgongo kila siku na maiti ya mama yangu iko mdomoni mwako."

Akanyamaza. Ndiyo mara pekee nimemwona akinyamaza kwa kuambiwa. Kwa taarifa ya mume wangu na ya wakubwa wake, maziwa hayakukatika. Wakati ananipa maelezo hayo gauni langu lilikuwa limelowa mbele yote.

Nilingoja nilie. Wote wawili walikuwa wanangoja, niliona, walikuwa wameshajipanga kunishika. Hakuna kilichokuja. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa mbali, kama ya mtu wa chumba cha pili anayebamiza milango. Wanasema wanamficha mtu aliye ughaibuni kwa huruma. Mimi naona wanajihurumia wao, wasije wakakaa na mtu anayelia. Walikigawana kifo cha mama yangu kama sadaka, kila mtu akapata fungu lake, mwenyewe nikabakizwa nje.

Mume wangu alinyoosha mkono awashe taa ya dari.

"Usiwashe."

Akaelekea chumbani kulirudisha kochi.

"Usiguse. Godoro limeshatandikwa. Waambie waje."

Wakaja. Siku iliyofuata walianza kupanda ngazi, kutoka Wheaton, kutoka Springfield, na masufuria yao na macho yao ya chini. Kila mmoja aliniambia pole, na kila mmoja nilimwuliza, "Ulijua lini?" Mdenishi baadaye alinipigia simu kuuliza kama nilifanikiwa, kama chumba kilikuwa kizuri. Nilimwambia ndiyo, tulikaa chini na watu walijaa.

Lakini kabla hawajaja, asubuhi ile, kwetu Tanga ikiwa mchana, nilichukua kadi ya simu mwenyewe na kubonyeza namba mwenyewe. Mume wangu alikuwa kakaa ukutani, hajalala. Mdogo wangu alipokea.

"Nipe mama," nikamwambia.

"Kalala, dada. Dawa zinamlewesha."

Maneno yale yale, mpaka mpangilio wake. Walikuwa wamefundishana. Nilimwacha amalize, akasema nimsalimie mtoto, akauliza baridi ya huko ikoje. Kwetu mama akifa huoshwa na binti zake, na mkubwa hushika kichwa. Mkubwa ni mimi.

"Nani alishika kichwa?" nikamwuliza.

Nyuma yake nilisikia mtu anatwanga.

"Dada..."

"Sitaki pole. Nataka unieleze. Nani alishika kichwa, maji yalikuwaje, mlimfunika khanga ipi. Anza mwanzo."

Alilia kwanza, nikamngoja. Mtoto alikuwa ananyonya, namwona ananyonya, simsikii. Kisha mdogo wangu akavuta kamasi na kusema kwamba alishika yeye, kwamba mikono ilikuwa inamtetemeka, wakamwambia shika vizuri. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, alisema, walitia majani ya mkunazi.

Nikamwambia endelea.