Mnyororo wa Kibaraza

Watu wa mtaa ule wa maduka, usioingiwa na magari, walimwita Bwana Mwongozo, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuhakikisha mwongozo wa kuhifadhi mtaa unafuatwa: milango ibaki ya mbao, vibao viandikwe kwa mkono. Kila asubuhi alipitisha kiganja kwenye milango taratibu, kama mzazi anayempapasa mtoto mwenye homa. Mwishowe alifika kwenye kibaraza cha jiwe nje ya duka la fundi cherehani. Wateja walikikalia tangu enzi za baba yake fundi, wakisubiri nguo na kupiga soga, hata kikabonyea katikati na kung'aa. Bwana Mwongozo akakizungushia mnyororo kisilike zaidi. Wateja wakakosa pa kusubiri, wakahamia kwingine, na jiwe likafifia. Akawa analisugua kwa kitambaa, shingo imeinama.

“Unafanya kazi ya makalio ya watu, bwana,” fundi alimwambia.

Siku fundi alipotoa cherehani nje kungoja mkokoteni, Bwana Mwongozo alikuja na kitambaa kile kile. Aliutazama mlango. Haukuwa na kasoro.

“Unahama kweli?”

“Nibaki nimshonee nani? Mlango?”

Bwana Mwongozo akafungua mnyororo. Akakaa pale palipobonyea, akasogea kidogo. “Njoo ukae, ndugu yangu.”

“Leo ndiyo unanikaribisha?” fundi akasema, mkokoteni ukisikika kwa mbali. Hata hivyo akakaa. Jiwe lilikuwa la baridi.