Chupa ya Mganga ya Saa Sita

Tangu mwaka wa uhuru nilikuwa nikiuza limonadi mbele ya dispensari ya Rumonge, na mganga wake sikumwamini hata kidogo. Kila asubuhi aliwakaripia wagonjwa: chupa moja haikupi ugonjwa wa sukari, lakini chupa za kila siku zinaukaribisha. Wateja wangu wakawa wanapita wakiangalia pembeni. Kumbe saa sita ikifika, anakuja yeye mwenyewe, anapangusa mdomo wa chupa kwa pindo la koti lake jeupe, anafumba macho, anakunywa mpaka tone la mwisho. Na mimi nakunywa yangu kando yake ili nimchunguze vizuri. Nilijiambia, huyu anawatisha watu abaki na limonadi yote peke yake.

Ijumaa moja hakutoka. Benchi la wagonjwa lilikuwa tupu tangu asubuhi, nikampelekea chupa yake dirishani. Nilimkuta amechanganya mkojo na dawa ya buluu katika kichupa chembamba, anakichemsha juu ya taa ya spiriti. Ile buluu ikageuka rangi ya tofali, rangi ambayo huwaambia wagonjwa kuwa ni dalili ya sukari.

"Iko ya nani, muganga?"

"Ya mugonjwa moja."

Nikageuka, nikalitazama lile benchi tupu.

Akaipokea limonadi, akaigusisha shavuni ipate kumpoza, kisha akanirudishia bila kuifungua. Halafu akanisogezea kichupa kingine, kitupu.

"Kesho asubuhi uniletee yako, Mama Bora."