Pikapu Iliyolala Ikiangalia Bonde

Wilkista Nyang'au hafungui boneti kabla ya kuuliza gari limelala wapi. Wateja wapya hucheka. Wanadhani fundi huyu wa Sigowet ana mzaha, kumbe ndivyo alivyofunzwa na baba yake kwenye karakana ya matrekta ya shamba la chai: mgonjwa huulizwa kwanza, dawa baadaye.

Asubuhi hiyo aliitwa na Kipkosgei, dereva anayebebea wakulima majani. Pikapu ilikuwa imekwama katikati ya mteremko, jiwe mbele ya gurudumu, magunia ya chai mbichi yamejaa nyuma. Injini ilizunguka kwa nguvu, ikakohoa, ikanyamaza. Kuiachia iteremke zaidi na mzigo ule, Kipkosgei hakuthubutu. Jua nalo lilikuwa linapanda. Majani yakishapata joto ndani ya gunia kiwanda huyakataa, na jasho la watu huenda bure.

"Fundi, ni pampu," Kipkosgei alisema. "Kuna fundi wa pampu kutoka Ndanai anakuja kuifungua."

"Gari ililala wapi?"

"Hapo juu kidogo. Ikiangalia chini, kama kawaida."

Watu wa milima hii wote hulaza magari hivyo, ili betri ikichoka mteremko uyawashe.

"Na dizeli?"

"Robo tangi. Iko ya kutosha."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wilkista alijilaza matopeni, akagonga tangi upande wa mbele: zito. Akagonga nyuma, ambako bomba hunyonya: tupu. Dizeli yote ilikuwa imekimbilia mbele, bomba likabaki kunyonya hewa. Akatoka chini ya gari akitabasamu.

"Shusheni magunia. Tuisukume irudi juu, kwa tambarare."

"Tushushe, na saa inaenda?" alifoka Janefer, mmoja wa wakulima waliokuwa wakisubiri kando ya gari. Magunia matatu yalikuwa yake. "Si uitengeneze tu hapo!"

"Mama, hii haitaki spana. Inataka kusimama vizuri."

Wakashusha wakinung'unika, wakasukuma. Wilkista akalegeza skrubu juu ya chujio la dizeli, akabonyeza pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha. Akakaza.

"Washa."

Ikawaka mara moja. Kipkosgei alikuna kichwa, akaenda pembeni kumpigia simu yule fundi wa Ndanai asije.

Magunia yakapakiwa upya, na Wilkista akapanda nao hadi kiwandani. Karani alitumbukiza mkono hadi kiwiko katika gunia la Janefer, akatoa majani, akayanusa.

"Hayajapata joto. Pimeni," akasema.

Janefer aliushika mkono wa Wilkista, ukiwa na grisi vivyo hivyo, asiuachilie.