Bata wa Kahawia wa Mzee wa Tanuri

"Umenikatia mstari! Hata kuniuliza hukuniuliza, umeshika kalamu nyekundu, shwaa, kama unasahihisha daftari la chekechea!"

Mama Dirisha alisema hayo akiwa na pini tatu kati ya midomo, na kila neno lilisikika. Mwalimu mstaafu, katibu wa chama cha kuhesabu ndege, alisimama mlangoni na daftari la chama kwapani. Kiti hakupewa.

"Tusigombane, binti yangu. Umeandika bata kichwa-kijani, dume, mmoja. Kijani chenyewe kiko wapi? Umesema mwenyewe ni wa kahawia mwili mzima. Wa kahawia ni jike. Madume wameshaondoka, kama kila mwaka majira haya."

"Hawajaondoka popote! Wamevua nguo za harusi tu. Manyoya ya mabawa yamepukutika kwa mpigo, kuruka hawawezi, ndiyo maana wanajificha kwenye matete. Huyu nimemwangalia tangu ana kijani chake mpaka kikaisha."

"Na domo? La dume ni manjano tupu. La jike lina rangi ya chungwa na madoa meusi. Umeliona?"

Mama Dirisha akatema pini kiganjani. Hakuwa ameliona. Kutoka dirishani kwake ghorofa ya pili mpaka bwawani ni mbali, na darubini aliyoachiwa na marehemu mumewe ina jicho moja lenye ukungu.

"Sijaliona," alisema, "na aliyenifungia njia ni wewe."

Mwalimu akaangalia viatu vyake. Bwawa lile ni shimo la udongo la Mzee wa Tanuri, ambaye zamani alichoma matofali ya nusu ya mji. Limezungushiwa ukuta, na mlango ni mmoja. Mwaka uliopita Mwalimu aliwaingiza wanachama saba humo bila hodi, wakazunguka na darubini zao shingoni kama wakaguzi wa serikali, wakatoka wakaacha mlango wazi. Mbwa wa mtaani wakaingia, wakawamaliza kuku watano waliokuwa wakiatamia. Mzee hakudai kuku. Alisema neno moja tu: aliyeacha mlango wazi aje mwenyewe aseme. Mpaka hapo, hakanyagi mtu wa chama. Mwaka ulipita, na Mwalimu hakwenda.

"Kuna tundu ukutani, upande wa jaa," Mwalimu alisema kwa sauti ya chini. "Dakika tano unatoka. Hatajua."

"Nipite tunduni kama panya? Kwa mtu ni kwa mtu, Mwalimu, hata kama ni tope tupu."

Kwake ilikuwa rahisi kusema, maana hata tundu lisingemsaidia. Miaka mitano sasa Mama Dirisha amekuwa kama kuku mgeni, kamba mguuni. Mama yake alipigwa na kiharusi upande wa kushoto, na hawezi kuachwa peke yake. Kutoka cherehani mpaka kitandani ni hatua sita. Kutoka kitandani mpaka jikoni, tisa. Sare za shule anazishona hapohapo, wateja wanapanda ngazi wenyewe. Kijiko kikigongwa kikombeni mara moja, mama anataka maji. Mara mbili, ageuzwe. Mara tatu, hataki kitu, anataka kumwona tu. Hiyo ya tatu ndiyo inayochosha kuliko zote. Watu wa mtaa walishaacha kumwuliza kama atakuja arusini au msibani. Kwao alishahama. Kilichobaki ni dirisha, na bwawa, na yule bata, ambaye wiki hii ameanza kupigapiga mabawa. Akiota manyoya ataruka, na daftari litabaki na uongo wa wino mwekundu.

Kijiko kikagonga. Mara tatu.

"Mwalimu," sauti ikatoka kitandani, nzito upande mmoja lakini haikukosea njia. "Huyu mwanangu ulimfundisha wewe. Darasa la tatu ulimchapa fimbo nne. Unakumbuka kosa?"

"Ah, Mama, ni zamani hizo."

"Aliacha mlango wa darasa wazi. Mbuzi akaingia, akala chati ya ukutani."

Mwalimu akavaa kofia yake. Akashuka ngazi bila kuaga.

Asubuhi ya pili yake Mama Dirisha alikuwa akipiga pasi kola alipoona kofia anayoijua ikisogea kando ya ukuta. Akanyakua darubini. Mwalimu alifika mlangoni, akavua kofia, akabisha. Mzee wa Tanuri akatoka. Maneno hayakusikika, ila mdomo wa Mwalimu ulikwenda polepole kama wa mtoto anayesoma mbele ya darasa. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akanyoosha kidole: funga. Mwalimu akafunga. Fungua. Funga tena. Mara tatu alimrudisha.

"Mama, njoo uone!" Mama Dirisha aliita, akasahau kabisa anamwita nani.

Baadaye ngazi zikalia.

"Nenda," Mwalimu alisema, jasho usoni. "Mzee anakungoja. Nusu saa nitakaa na mama yako."

"Kijiko kikigonga mara mbili, unamgeuza upande wa ukutani. Usimvute mkono."

"Nenda, asije akaghairi," mama alisema.

Mzee wa Tanuri alimfungulia mwenyewe. "Pita juu ya tuta. Matete usiyakanyage, mna mayai."

Alichuchumaa hatua kumi na tano kutoka majini. Bata akatoka kwenye matete akijikuna. Domo manjano, tupu, bila doa hata moja. Dume. Mama Dirisha alibaki na haki yake peke yake, bila wa kumwonyesha. Bata alimwona, akapiga mabawa, akakimbia juu ya maji akirusha matone, asinyanyuke hata kiganja. Mabawani palikuwa na visiki vya manyoya tu.

"Vumilia, baba," alimwambia. "Ya kwako yataota."

Akageuka kutazama kwake. Kumbe dirisha lenyewe ni dogo hivyo! Lilikuwa wazi, na ng'ambo ya ukuta alisikia, au alidhani amesikia, kijiko kikilia. Mara tatu. Alijua Mwalimu yupo, alijua nusu saa haijafika hata robo, na bado miguu ilishageuka kabla yeye hajaamua.

Mzee alimsindikiza mpaka nje. Mama Dirisha akavuta mlango, akausukuma kwa bega, akatia komeo.

"Umefunga?"

"Nimefunga, Mzee."

Mzee akautikisa kidogo kuhakikisha.

"Basi mwambie Mwalimu wako yamekwisha. Na wewe ukija tena, piga hodi tu."